Chumba, sahani na bendi: Mwaka wa kwanza chuoni Meru na Embu

Kenya ina majiji matano kwa hati: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru iliyopandishwa hadhi Desemba 2021, na Eldoret iliyofuata Agosti 2024. Meru haimo kwenye orodha hiyo. Embu, iliyokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki hadi kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, nayo haimo. Lakini hayo hayamhusu kijana anayeshuka matatu Nchiru mwezi Septemba, godoro lake la bweni limekunjwa na kufungwa kamba juu ya keria, sanduku la bati lililoandikwa jina lake kwa rangi nyeupe likiwa miguuni, na watu watatu wa hosteli wakimvuta kila mmoja upande wake. Hajui mtu, na hakuna anayemjua. Kila anachokigusa kina bei. Jiji ndilo hilo, na amelikuta katikati ya mahindi na migomba ya Tigania.

Makomredi, kama wanafunzi wa vyuo vikuu wanavyojiita, humwita fresha. Ukizunguka mitaa wanakoishi, kuanzia Nchiru na Kaaga upande wa Meru hadi Kangaru upande wa Embu, utagundua upesi kwamba masomo si mzigo wake wa kwanza. Masomo ameyazoea tangu utotoni. Kinachomlemea ni chumba na sahani. Na hapa nina neno na wenyeji: miji hii imezipokea pesa za mwanafunzi kwa mikono miwili, ila bado haijakubali kuwa mwenyeji wake.

Nchiru iko kilomita kama 15 kutoka mjini Meru ukielekea Maua. Kabla ya chuo, jina lake lilivuma kwa sababu ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru, ambalo makao yake yako hapo. Ni wazee hao waliotoa ardhi ya zaidi ya ekari 600 ambayo leo imebeba Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Kilianza kama chuo cha ufundi cha harambee, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta mwaka wa 2008, na mwaka wa 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Ndiyo sababu kijana wa miaka 18 mwenye rasta hupita, muziki ukimlilia masikioni, karibu na mahali ambapo wazee wenye fimbo hukutana kuamua kesi za mipaka na mila. Husalimiana, kila mtu akashika njia yake.

Embu hadithi ni nyingine. Chuo Kikuu cha Embu kilirithi viwanja vya chuo cha zamani cha mafunzo ya watumishi wa kilimo, kando ya barabara ya kwenda Meru. Mwaka wa 2011 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Oktoba 2016 kikapata hati yake. Kwa kuwa mji uko karibu, fresha wa Embu huenda sokoni kwa miguu, ilhali mwenzake wa Nchiru hulipa nauli akitaka hata kiatu cha maana. Kaaga, mjini Meru, kuna Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, cha kibinafsi, kilichopata hati 2006. Na katikati ya safari ya Embu hadi Meru kuna Chuka, iliyo katika Kaunti ya Tharaka-Nithi, ambayo nayo ina chuo kikuu tangu 2013. Kizazi kimoja nyuma, mtoto wa pande hizi aliyefaulu alipanda basi kwenda Nairobi, Njoro au Eldoret, na kijiji kizima kikamsindikiza. Siku hizi mabasi yanakuja yakiwa yamejaa.

Wanaoyajaza hawakuchagua mahali, wengi wao. Katika KCSE ya 2024, mtihani wa mwisho wa sekondari, watahiniwa 246,391 walipata alama ya C+ kwenda juu, kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu. Shirika la serikali la KUCCPS huwapanga kwa kozi na alama, wala haliangalii nyumbani ni mbali kiasi gani. Hivyo wa Lodwar anajikuta Nchiru, wa Kwale anajikuta Embu. Wa Kwale ndiye ninayemhurumia zaidi. Amekuja na shuka moja na kanga ya mama, hajawahi kumiliki blanketi zito, na asubuhi yake ya kwanza ya ukungu anaambiwa na wenyeji kuwa baridi yenyewe ilipita Julai.

Tuingie kwenye hesabu, maana ndiko fresha analia.

Hadi mwaka wa 2022, mwanafunzi aliyepelekwa na serikali katika chuo cha umma alijua karo yake ni shilingi 16,000 kwa mwaka, na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ulimsaidia kujikimu. Mei 2023 Rais William Ruto akazindua mfumo mpya. Mwanafunzi huomba ufadhili mtandaoni, hujibu maswali kuhusu mapato ya wazazi, shule alizosoma na ndugu wanaosomeshwa, kisha kompyuta ikamtia katika bendi mojawapo kati ya tano. Wa bendi ya kwanza hupata ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo asilimia 25, na familia hutoa asilimia 5. Wa bendi ya tano hupata ufadhili asilimia 30, mkopo asilimia 30, na familia hujaza asilimia 40. Pesa za kujikimu nazo hushuka kwa ngazi: 60,000 kwa mwaka kwa wa bendi ya kwanza, hadi 40,000 kwa wa bendi ya tano.

Mfumo huu umekwenda mahakamani na kurudi. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa unabagua na ni kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo. Wakati mawakili wakibishana, mama anayeuza mboga alikuwa bado anauliza ilikuwaje mwanawe akatiwa bendi ya nne pamoja na mtoto wa mwalimu mkuu. Kukata rufaa kunaruhusiwa, ila rufaa ina foleni yake, na muhula haumngoji mtu.

Sasa tuchukue fresha aliyebahatika, wa bendi ya kwanza. Ufadhili na mkopo wa karo huenda moja kwa moja chuoni, kwa hiyo hauoni. Kinachomfikia ni ile 60,000 ya kujikimu iliyogawanywa mara mbili: 30,000 kwa muhula. Tuseme amepata chumba cha shilingi 4,000 kwa mwezi. Miezi minne ni 16,000. Mwenye nyumba anataka dipoziti ya mwezi mmoja, jumla 20,000. Zimebaki 10,000 za siku 120. Gawanya: shilingi 83 kwa siku. Humo mna chakula, sabuni, bando za simu, kupiga chapa kazi ya mhadhiri, na nauli ya kwenda mjini. Wa bendi ya tano, anayepata 20,000 kwa muhula, amemaliza zote mlangoni mwa mwenye nyumba kabla hajanunua hata kiberiti.

Na pesa zenyewe haziji siku unayofika. Fresha huripoti, hujisajili, huingia darasani, wiki zikapita akiifungua simu asubuhi na jioni kuona kama HELB imeingia. Katika wiki hizo ndipo anapojifunza kukopa. Kuna Fuliza ya M-Pesa, kuna mama wa kibanda anayeandika majina kwenye daftari, kuna mwenzake wa chumba ambaye babake hutuma kila Jumatatu. Siku HELB inapoingia, utaijua bila kuambiwa: vibanda vya nyama vinajaa, foleni ya wakala wa M-Pesa inatoka nje ya duka, na daftari la mama linafutwa kurasa mbili kwa mchana mmoja.

Kitabu cha mapishi cha mwaka wa kwanza hakijaandikwa na mtu, ila kila komredi anakijua. Asubuhi ni chai ya rangi na kipande cha mkate au nduma iliyobaki. Mchana ni chapati na madondo kibandani, na aliye mwerevu huomba mchuzi wa ziada, akapewa. Jioni ni ugali na sukuma, au wali na kabeji, au githeri iliyochemshwa Jumapili na kukaangwa upya hadi Jumatano. Avokado zikiwa kwenye msimu, zinageuka nyama. Ndizi za Imenti ziko tele, na aliyetoka mjini hushangaa kuona mkungu ukibebwa kwa boda boda kwa bei ambayo Nairobi humpatia vichana viwili tu. Nchiru, wanaochanga wawili au watatu humtuma mmoja wao Gakoromone, soko kubwa la mjini Meru, akanunue kwa gunia dogo. Nauli ikigawanywa, wanabaki na faida.

Wenye uwezo wana meko, ule mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Wasio nao wana koili. Koili imepigwa marufuku karibu kila hosteli kwa sababu inakula umeme na kuunguza nyaya, na karibu kila hosteli imo. Ipo chini ya kitanda, imewekwa juu ya tofali, waya wake umepitishwa nyuma ya sanduku la bati. Saa moja jioni keateka, msimamizi wa jengo, anapita koridoni akigonga milango. Ndani, sufuria inashushwa, waya unachomolewa, koili bado nyekundu inasukumwa kwa mguu, dirisha linafunguliwa. Keateka anaingia, anakuta vijana wawili wamefungua vitabu na chumba kizima kinanuka kitunguu. Anawatazama. Wanamwamkia, “Shikamoo mzee,” kwa adabu ambayo hawakuwa nayo asubuhi. Anaondoka. Ukiniuliza mimi, namlaumu aliyejenga vyumba 40 bila jiko hata moja la pamoja kabla sijawalaumu hao wawili.

Maana hosteli hizi ndizo kiini cha mambo. Vyuo vina mabweni yake, vitanda hugombewa mtandaoni na kuisha mapema. Wanaobaki, ambao ni wengi, huingia mtaani. Wenyeji wameona fursa. Shamba lililokuwa la mahindi limeota ghorofa tatu za mawe, ngazi isiyo na kizuizi, tangi moja jeusi juu ya paa na lango la chuma. Si vibaya. Mzee aliyekuwa akivuna magunia machache kwa mwaka sasa amesomesha wajukuu kwa kodi. Lakini kuna mengi yanayofanyika gizani. Chumba kimoja hulipiwa na wawili wasiojuana. Risiti hakuna, ni ujumbe wa M-Pesa tu. Dipoziti ikiingia hairudi, kwa sababu ukutani kuna alama ya msumari. Maji yakikatika, fresha hununua kwa mtungi huku kodi ikidai kuwa maji yamo. Na taa za njiani hazipo: wasichana wanaotoka darasa la jioni hungojana langoni mwa chuo hadi wafike wanne au watano ndipo washike njia.

Darasani mambo ni mepesi kuyaeleza. Miezi ya kwanza ni uniti za pamoja, kama stadi za mawasiliano, ambazo wanafunzi wa kozi tofauti huzisoma katika ukumbi mmoja mkubwa, na aliyekaa nyuma humwona mhadhiri lakini hamsikii. Noti huja kwa WhatsApp kupitia mwakilishi wa darasa, mtu ambaye fresha humheshimu kuliko mkuu wa idara. Hakuna kengele. Huyu ni mtoto aliyelala na kuamka kwa kengele miaka minne, akapangiwa hata dakika za kuoga, na sasa hakuna anayejali kama amekuja au amelala. Wengine hushika njia vizuri. Wengine hugundua michezo ya kamari ya kwenye simu, na zile shilingi 83 za siku zikaisha kwa kubonyeza mara tatu.

Kuna pia majani ya kutafuna. Nchiru iko kwenye barabara ya Maua, na magari ya miraa kutoka Nyambene hupita kwa kasi ambayo fresha huambiwa aiogope kabla hajaambiwa aogope mtihani. Embu ina muguka wa Mbeere, wa bei nafuu zaidi. Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, viongozi wa Embu wakaja juu kutetea zao la wakulima wao, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hayo. Mwanafunzi wa Mombasa aliyekuja Embu mwaka huo aliliacha jani likiitwa sumu nyumbani, akalikuta likilipa karo ya jirani yake wa darasani. Wanaotafuna husema linawasaidia kukesha na vitabu. Nimewaona wengi waliokesha. Vitabu sivyo nilivyoviona mezani.

Waliojiunga 2025 walipata somo ambalo halimo kwenye mtaala. Septemba 17 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara. Mgomo ulidumu siku 49, hadi Novemba 5, serikali ilipokubali kulipa kwa awamu mbili. Fresha aliyekuwa ameripoti wiki chache tu kabla alibaki na uchaguzi mmoja mbaya: kurudi Turkana kwa nauli asiyokuwa nayo, au kukaa Nchiru akilipia chumba cha kusomea bila masomo. Wengi walikaa. Wengine walishika vibarua, wakachuma kahawa, wakabeba mawe ya ujenzi, na si ajabu baadhi walibeba mawe ya hosteli mpya. Hakuna mwenye nyumba niliyemsikia akipunguza kodi kwa wiki hizo saba.

Na wenye kumbukumbu watamweleza fresha wa Nchiru kwamba kulalamika hapa kuna historia nzito. Februari 2018, wakati wa maandamano ya wanafunzi, kiongozi wao Evans Njoroge alipigwa risasi akafa karibu na chuo. Aliyekuwa mwaka wa kwanza chuoni wakati huo ameshamaliza chuo leo, lakini jina hilo bado hutajwa kila uchaguzi wa wanafunzi unapokaribia.

Likizo ikifika, kuna barabara ya kurudi. Kutoka Meru kwenda Embu ni kilomita 130 hivi za kona, milima na mabonde ya mito inayoteremka Mlima Kenya. Ikweta unaivuka karibu na Meru, na mafresha hupigia picha bango lake. Daraja la Nithi hakuna anayelipigia picha. Hapo ndipo basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilipoporomoka Julai 24, 2022 na kuua zaidi ya watu 30, na hadi leo matatu ikiteremka pale mazungumzo hupungua. Fresha wa Pwani anayesoma Nchiru hupita hapo mara nne kwa mwaka, kama ana nauli.

Pamoja na hayo yote, wengi hustahimili. Kufikia muhula wa pili fresha anamsalimia mama wa kibanda kwa “Muga!” ya Kimeru bila kuumauma maneno, anajua fundi wa viatu ni yupi na duka lipi hukubali kuuza nusu kilo ya sukari. Mama naye amemzoea. Humwita mwanangu, humkemea akimwona na majani mkononi, na humwekea sahani siku anayojua hana kitu. Huyo mama ameufanya uenyeji ambao kaunti haijaufanya, na hana bajeti wala ofisi.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya mipango na makazi. Mabunge ya Kaunti ya Meru na ya Embu hayahitaji kusubiri Nairobi ili kutunga sheria ya hosteli za wanafunzi: leseni kwa kila jengo, ukaguzi wa maji, nyaya na njia ya kutokea moto ukiwaka, jiko la pamoja, risiti kwa kila shilingi, dipoziti yenye masharti yaliyoandikwa, na taa kwenye njia za kutoka Nchiru sokoni na Kangaru hadi malango ya vyuo. Vyuo navyo vinaweza kuchapisha majina ya hosteli zilizokaguliwa kwenye ukurasa uleule ambao fresha hupakua barua yake ya kujiunga, ili asizikute kwa mara ya kwanza mikononi mwa wavutaji wa stejini. Nawe mzazi unayemfungia mwanao godoro mwaka huu, ukiweza panda naye matatu. Kione chumba, fungua bomba, washa taa, uliza mwenye nyumba ni nani na anapatikana wapi, kisha ulipe ukiwa umeshika risiti mkononi.